Nakala za Kwanza

Habari zina tabia ya kumfuata mtu kazini. Hii ilimkuta mpima macho ameinama mbele ya mteja, anamuuliza herufi za mstari wa nne anazionaje. Aliyeileta ni dada yake mkubwa, ambaye hajawahi kubisha hodi kwa mdogo wake tangu walipokuwa wanagombania kitanda.

"Yule Samawati wako ameposwa," alisema akiwa mlangoni. "Jibu linatolewa kesho asubuhi."

Mteja akasema herufi anaziona vizuri. Mpima macho akabadilisha lenzi, akauliza tena, mteja akasema sasa haoni kitu. Lenzi ya jicho la kulia ilikuwa imewekwa jicho la kushoto. Mpima macho akaomba radhi, akarekebisha, akamaliza kazi yake taratibu na kumsindikiza mteja hadi nje. Aliporudi dada alikuwa ameshakalia kiti cha wateja, anasoma ubao wa herufi kwa sauti.

"Si wangu," mpima macho alisema. "Na jina analo."

"Hilo la Samawati ulimpa wewe, kwa sababu ya ile rangi isiyotoka kwenye kidole gumba chake. Mimi nimeazima tu." Dada akageuza kiti. "Mposaji ni mgane, ana duka la vifaa vya ujenzi. Mtu mpole sana. Kila kitu anasifu. Alipoingia kwa mama mtu alianza kusifu mlangoni, akasifu bawaba, akasifu hadi kitasa."

"Anauza vitasa. Anajua anachosema."

"Ndiyo jibu lako hilo?"

"Ulitaka nijibu nini?"

"Chochote. Kwenye vitabu vya katuni hukosi la kusema. Kwenye hili mdomo umeshonwa." Dada alisimama akarudi kwenye meza yake ya mapokezi. "Nyani haoni kundule, hata akiwa mpima macho."

Na kweli, mtu huyu hakukosa la kusema juu ya katuni. Mbele ya duka alikuwa mpima macho, koti jeupe, sauti ya chini. Nyuma ya duka, kwenye chumba alichokizungushia rafu kuanzia sakafuni hadi darini, alikuwa Hakimu. Jina hilo alipewa na wauza vitabu. Alianza kukusanya katuni akiwa na meno ya utoto na hakuacha. Nyumba ya uchapishaji ilipotoa matoleo mapya ilimtuma mtu aje kusikiliza maoni yake, na kabla ya jioni wauza vitabu walikuwa wameshaamua wapange kipi mbele na wafiche kipi nyuma.

Alikuwa na fahari yake moja. Hakusoma nakala kama za watu wengine. Siku ya kuchapa alikuwa wa kwanza kwenye geti la kiwanda, na mchapaji mkuu, mzee mwenye heshima zake, alimkabidhi bahasha yenye nakala zilizotangulia kutoka mashineni. Nakala inayofuata ni ya msomaji, alikuwa akisema, ya kwanza ni ya mtunzaji. Alizitia kwenye mifuko ya nailoni, na nje ya hizo hakugusa nakala nyingine. Wachoraji walimheshimu, waandishi walimwogopa kidogo, na watia rangi walimwogopa sana, maana kwenye rangi hakuwa na huruma.

Samawati alikuwa mtia rangi. Miaka tisa nyuma, siku familia mbili zilipokaa kuzungumzia ndoa yao, mjomba wake Samawati aliweka mezani kitabu cha kwanza ambacho binti yao alikitia rangi, *Mvua ya Alhamisi*. Akauliza, kwa nia njema kabisa, mkwe anaionaje kazi ya mchumba wake. Hakimu alikuwa ameshakisoma kitabu hicho, nakala yake ya kwanza, na akajibu kama alivyoulizwa. Rangi zinakimbia mistari, alisema. Mkono haujatulia. Bado ni mwanafunzi.

Hakuna aliyepiga kelele. Vikombe vilikusanywa mapema kidogo, basi. Mama mtu alimwambia binti yake, na maneno hayo yalimfikia Hakimu kabla ya wiki kwisha: "Mwanaume anayeshindwa kukuficha kidogo mbele ya watu wako, siku ya mvua hatakufunika." Samawati hakubishana na mama yake. Alirudisha pete kwa mkono wa dada yake Hakimu, bila neno.

Hakimu alimpenda. Hilo liwekwe wazi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuliweka. Alimpenda siku ile alipokuwa anasema yale, na aliendelea kumpenda miaka yote iliyofuata akiwa anapima macho ya watu na kufunga katuni kwenye nailoni.

Mchana wa siku hiyo nyumba ya uchapishaji ilituma mtu wake kama kawaida, ila mtu mwenyewe hakuwa yule wa kawaida. Dada alichungulia chumba cha nyuma na uso usio na habari yoyote.

"Wamekuja kuchukua maoni," alisema, akampisha Samawati aingie.

Hakimu alisimama. Samawati alikuwa amekonda kidogo usoni na alivaa miwani, na jambo la kwanza lililomjia mpima macho ni kwamba miwani hiyo aliinunua kwa mtu mwingine. Lilimuuma kuliko alivyotegemea. Alimtazama mkononi. Kidole gumba bado kilikuwa na buluu pembeni ya kucha.

"Karibu," alisema.

"Asante. Yule mwenzangu anaumwa, nikaomba nije mimi." Samawati alikaa upande wa pili wa meza, akatoa kalamu na karatasi. "Hujabadilisha chumba."

"Nimeongeza rafu."

"Naona. Nasikia dada ameshakupa habari zangu, kwa hiyo tusizungukane. Tufanye kazi kwanza."

Hakimu alikwenda kwenye sinki la pembeni akanawa mikono hadi viwiko, akaikausha kidole kwa kidole. Samawati alimwangalia. Zamani kunawa huko kulikuwa kunamchekesha, naye Hakimu alijikuta anasubiri kicheko ambacho hakikuja. Akakaa, akavuta bahasha aliyoichukua kiwandani alfajiri ya siku hiyo.

"*Nyundo ya Usiku*," alianza. "Jambazi anapigwa ngumi ukurasa wa pili. Ukurasa wa ishirini bado anapigwa. Nimesoma hadi mwisho nikajikuta namhurumia jambazi."

Samawati aliandika. "Rangi?"

"Damu imetoka nje ya jeraha."

"Kinachofuata."

"*Mji Chini ya Bwawa*. Mchoraji amechora kila tofali, mwandishi akasahau kuweka watu. Nimealikwa kwenye nyumba nzuri, mwenyeji hayupo. Mwambieni mchoraji atafute mwandishi mwingine, yeye ana kipaji."

"Na rangi?"

"Maji yamehamia ndani ya matofali. Labda ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa watia rangi wa nyumba yenu mtu hawezi kujua."

Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea. Hakimu akajilaumu, kisha akaendelea naye, maana kwenye katuni mdomo wake ulikuwa na njia yake.

"*Daktari Radi*, toleo maalumu. Majalada manne, hadithi moja, na hadithi yenyewe tuliisoma tukiwa shule. Mmemshonea marehemu suti nne. Sina zaidi." Akaweka pembeni, akachukua kijitabu chembamba, na sauti yake ikalainika. "Hiki sasa. *Mkaguzi Kobe*."

"Cha watoto."

"Cha watoto, na hakuna bora kuliko hiki mwaka huu. Kobe anafika kila mahali amechelewa. Akifika, shahidi ameshaacha kulia na mwizi ameshajisahau, kwa hiyo anauliza maswali mawili tu na kesi inakwisha. Kuna ukurasa mzima, hebu tazama, mzima, kobe anatembea tu. Hakuna neno. Siku hizi nani ana ujasiri huo? Na kila mstari uko mahali pake. Safi."

"Kobe hana rangi," Samawati alisema.

"Ndiyo maana hana kosa."

Samawati aliweka kalamu chini. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa amekasirika alikuwa ameshaizoea hasira yenyewe. Alisema, "Kimebaki kimoja."

Kilichobaki kilikuwa *Mshona Mahema*, na kwenye jalada, chini kabisa, palikuwa na jina la mtia rangi. Hakimu alikuwa amekisoma mara tatu tangu alfajiri. Alikiweka mezani na kukipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Hiki nisamehe," alisema. "Sitasema."

"Umesema vyote."

"Hiki sitasema. Nilishawahi kusema, ikanigharimu."

"Kwa hiyo leo umeamua kuninyamazia. Hiyo ndiyo heshima?" Samawati aliinama mbele. "Sikiliza. Yule mgane nilimwonyesha kurasa nilizoziharibu, ili nione. Akasema nzuri. Nikamwonyesha karatasi ninayofutia brashi. Akasema hiyo ndiyo nzuri zaidi, angependa kuitundika dukani. Mtu mwema, sina neno baya juu yake. Lakini kuna jambo nataka kulijua kabla sijamjibu, na wewe ndiye unayeweza kunijulisha. Sema unachokiona."

Akasema. Alisema taratibu, akitazama kitabu badala ya mwenye kitabu.

"Hadithi ni nzuri. Mwanamke anashona mahema ya sarakasi inayohama mji hadi mji. Mwanaume wa kutembea juu ya kamba anampenda, lakini hashuki chini akamwambia. Michoro imetulia. Rangi..." Alifunua kurasa. "Nyekundu ya hema imepita ukingo. Ukurasa wa tisa mdomo wa mwanamke uko karibu na shavu. Naona kuna kitu unakitafuta, na unakikaribia, ila mkono..."

"Haujatulia," Samawati alimalizia. "Maneno yale yale. Hata hujayabadilisha nguo."

Akafungua mkoba wake, akatoa nakala nyingine ya *Mshona Mahema*. Haikuwa na mfuko. Ilikuwa imekunjwa katikati na kona moja imepinda, na mkono wa Hakimu ulitaka kwenda kuinyoosha wenyewe.

"Hiyo sisomi," alisema. "Mimi nasoma yangu."

"Leo utasoma na ya wenzako. Weka ya kwako hapa. Fungua wa tisa. Nami naweka ya kwangu pembeni. Haya, mpima macho. Ipi inaonekana vizuri, ya kulia au ya kushoto?"

Ni swali alilowauliza watu kila siku ya kazi. Aliinama. Kwenye nakala yake mwanamke wa mahema alikuwa na mdomo mwekundu uliohamia shavuni, na kila kitu kilikuwa na kivuli chembamba cha rangi upande mmoja, kama mtu anayetazama bila miwani. Kwenye nakala ya Samawati mdomo ulikuwa mdomoni. Uzi ulikuwa uzi. Rangi ilifika ukingoni, ikasimama.

Alizitazama kwa muda mrefu. Alizibadilisha nafasi, ya kulia akaipeleka kushoto, akatazama tena.

"Umepaka upya?"

"Nimepaka mara moja. Ni kitabu kimoja hicho." Samawati alisema kwa utulivu, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. "Mashine inachapa rangi nne, kila rangi na bamba lake. Ikiwashwa tu, mabamba yanakuwa hayajakaa sawa. Mchapaji anatoa karatasi, anaitazama, anasogeza bamba kidogo, anatoa nyingine. Mpaka mashine itulie, zote zilizotangulia ni za kutupa. Kiwandani wanafutia mikono."

"Mimi napewa zilizotangulia."

"Ndiyo."

"Napewa za kutupa."

"Uliziomba mwenyewe. Yule mzee anakuheshimu, wala hakufanyii mzaha. Ana boksi chini ya meza limeandikwa 'Za Hakimu'. Anadhani mtu mwenye macho kama yako anazo sababu zake."

Hakimu aligeuka kutazama rafu. Zilikuwa kuta tatu, kuanzia sakafuni hadi darini, na kila kitu ndani ya nailoni. Alikumbuka watia rangi wawili, labda watatu, walioacha kazi baada ya maneno yake kusambaa. Aliwahi kujisifu kwamba anaona kosa ambalo wengine wote hawalioni. Ilikuwa kweli. Wengine wote hawakuwa nalo.

"Umelijua lini hili?"

"Mwaka uliofuata. Nilipelekwa kiwandani, nikaliona boksi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza, ningekuambia. Siku ile pale mezani ungeuliza tu, 'Hebu nione nakala yako.' Hukuuliza, ulihukumu." Samawati alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, jambo ambalo mpima macho huwakataza wateja wake wote. "Halafu nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinisaidia. Nilipaka vizuri nikiwa nayo. Sasa nimechoka kuibeba. Siwezi kuingia nyumba ya mtu nikiwa nimeshika hasira ya mtu mwingine. Nimekuja kuitua hapa, ni ya kwako."

Hakimu alivuta karibu ile nakala iliyokunjwa, akaifungua kuanzia ukurasa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu waachane akamsoma. Samawati alimwacha asome. Kutoka mapokezi kelele za dada za kupanga fremu zilikuwa zimekoma, ishara kwamba sikio lake liko kazini.

"Uzi mwekundu," alisema mwishowe.

"Uzi gani?"

"Ukurasa wa tisa sindano inamchoma. Tone la damu kwenye kidole lina rangi moja na uzi wa hema. Baada ya hapo nyekundu hiyo huitumii tena kabisa. Mji wa pili hamna, mji wa tatu hamna. Nimeitafuta. Halafu ukurasa wa mwisho, yule mwanaume yuko juu ya kamba, viatu vyake vimeshonwa kwa uzi huo. Mwandishi hajasema popote kwamba ni yeye aliyemshonea viatu. Umesema wewe, kwa rangi."

Samawati alirudisha miwani usoni.

"Hata mwandishi hajaiona," alisema.

"Na anga la ukurasa wa kumi na nne ni zito."

Kikatoka kile kicheko alichokuwa amekisubiri tangu anawe mikono. Kilikuwa kifupi na kilimponyoka. "Najua. Nilikuwa nimechoka siku hiyo."

"Nisamehe, Samawati."

Samawati alikunja karatasi yake ya maoni, akafunga kalamu, na uso wake ukarudi ulivyokuwa.

"Nimekusikia. Lakini hukunivunjia heshima mbele ya miwani na rafu. Ulinivunjia mbele ya mama na mjomba. Hapa umenisafisha mimi na wewe tu, na mimi sikuwa na shaka na mkono wangu." Akasimama. "Kitabu hicho niachie, ni nakala yangu."

"Nakiomba kwa leo."

"Cha nini?"

"Nakwenda nacho kwa mama."

Dada yake aliapa baadaye kwamba katika miaka yote ya duka lile hakuwahi kuona kibao cha 'Tumefunga' kikigeuzwa mchana. Alikigeuza mwenyewe, kwa furaha, hata kabla ya mdogo wake kuvua koti jeupe.

Mama yake Samawati alikuwa sebuleni na mjomba, wanazungumzia hilo hilo jibu la kesho. Alipomwona anayeingia nyuma ya binti yake alinyoosha mgongo. Mjomba akaanza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba," mama alisema. "Kaa. Umepotea njia?"

"Nilipotea, mama. Nimerudi kuonyesha nilipopotelea." Hakukaa. Aliziweka nakala mbili mezani, na pembeni yake akaweka ya tatu aliyoitoa kwenye nailoni, *Mvua ya Alhamisi*, ile ile ya siku ile. "Siku ile mjomba aliniuliza swali hapa."

"Nilitaka tu kuchangamsha mazungumzo," mjomba alisema. "Kila siku najilaumu. Ningeuliza habari za hali ya hewa."

"Uliuliza vizuri, mjomba. Aliyejibu ndiye aliyekuwa mbovu. Nilisema mkono wa binti yenu haujatulia. Nilikuwa nimeshika karatasi ya kutupa, iliyochapwa kabla rangi hazijakaa, na niliiomba mwenyewe kwa sababu nilipenda kuwa wa kwanza. Mkono wake ulikuwa umetulia tangu siku ile. Mashine ndiyo ilikuwa haijatulia, pamoja na mimi."

Mama alichukua nakala moja, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali mpaka mkono ukanyooka, akairudisha. Akafanya vile vile na nyingine. Mpima macho alimtazama. Kila alichosomea kilimpanda kooni. Samawati, aliyesimama nyuma ya kiti cha mama yake, alimwona anavyomeza.

"Mimi naona zote sawa," mama alisema.

Mpima macho akafumbua mdomo, akaufunga.

"Sema," mama akamwambia. "Naona kuna kitu unataka kusema juu ya macho yangu. Mdomo wako naujua."

"Leo nimekuja na neno moja tu, mama, na halihusu macho yako."

Mama akamtazama kwa kitambo, jinsi mtu anavyotazama shilingi asiyoiamini. "Kumbe unaweza kunyamaza."

"Najifunza."

"Sikukataa macho yako siku ile. Mwanangu alikuwa amefurahi kwamba atakuwa na mtu anayeona. Nilikataa mdomo." Aliziweka nakala mezani, akazipanga ukingo kwa ukingo. "Sasa neno lenyewe ni lipi? Maana hayo uliyosema ni ya vitabu."

"Nampenda. Nilimpenda nikiwa nimekosea na nampenda sasa. Naomba nisikilizwe upya. Mkisema hapana, nitakuwa nimeshasema mbele ya watu wale wale."

Mama alimgeukia mwanawe kwa nyuma, na mjomba naye akageuka, kikohozi kimepona. Samawati alikuwa anamtazama Hakimu, na safari hii hakuharakisha kuondoa macho. Kisha akazunguka kiti, akaokota nakala yake iliyokunjwa, akairudisha kwenye mkoba. Zile mbili zenye rangi zilizohama akazisukuma upande wa Hakimu.

"Hizi mbovu baki nazo," alisema. "Uwe unazitazama kila unapotaka kumhukumu mtu."

"Na mimi unanijibu nini?"

"Kesho asubuhi mjomba anapeleka jibu kwa yule mgane. Mtu amekuja kwa heshima, ataambiwa hapana kwa heshima, na lazima aambiwe kabla ya mtu mwingine kuambiwa lolote." Alimsindikiza hadi mlangoni, akasema la mwisho kwa sauti ya chini ambayo mama, kwa sababu masikio yake hayakuwa na tatizo, aliisikia vizuri kabisa. "Wewe njoo baadaye. Ila nakuomba jambo moja. Usije wa kwanza."

Kesho yake dada alipofika kufungua duka alimkuta mdogo wake kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikononi, na mapajani ana *Mkaguzi Kobe*, amefungua ule ukurasa ambao kobe anatembea tu.

"Wewe bado uko hapa?" dada alishangaa. "Asiyekuwepo na lake halipo. Nenda ukangoje pale mlangoni kwao, kabla hawajabadilisha mawazo."

"Nimeambiwa nisiwahi."

"Tangu lini wewe ukaambiwa kitu ukafanya?"

Hakimu alifunua ukurasa mmoja. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na dada akaona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakulisema.

"Keti, dada," alisema. "Tungoje kidogo. Mashine itulie."